Kuku wanadonoana mpaka utumbo unatoka nje, nimechinja mkorofi wao na bado (Isyesye, Mbeya)

Mwana wa Isyesye:
Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni. Naombeni msaada maana leo nimetoka bandani nimeishiwa nguvu kabisa.

Nina matetea 34 chotara, Kuroiler wengi na Sasso wachache, wana miezi nane na kitu, trei moja ya mayai kwa siku inapelea mawili matatu hivi. Nimewalea toka vifaranga, chanjo zote wamepata, hawajawahi kunisumbua. Kama wiki tatu nyuma nikaona mmoja mgongo uko wazi pale juu ya mkia, nikasema labda ni jogoo anawapanda sana, ila jogoo ninaye mmoja na huyo siku hizi kuwika kwenyewe anajilazimisha. Baada ya siku nne wakawa sita wenye upara. Mara mmoja akafa, nikamkuta amelala pembeni ametobolewa nyuma, nikajua ni kicheche. Banda lina wavu pande zote, kicheche atapitia wapi.

Sasa leo saa kumi na mbili na nusu nafungua mlango nakuta mmoja kasimama kona kainamisha kichwa ukutani, nyuma damu tupu, na wenzake watatu wako nyuma yake kama wako foleni ya bombani, mmoja anachomoka anadonoa anarudi anakimbia na kitu mdomoni, wengine wanamkimbiza kumnyang'anya. Kile kitu ni utumbo jamani. Na yule anayeliwa yuko kimya, hata halii. Nilimmalizia mwenyewe.

Kuna mmoja mama watoto alimpa jina Mjumbe, kwa sababu hakuna kiota asichokagua na hakuna mgeni asiyemhoji. Huyo ndiye nilikuwa namuona kila siku anapiga wenzake. Jumapili nikamchinja, nikajua kesi imekwisha. Jumanne kuna mwingine kachukua ofisi, na huyu alikuwa mpole kuliko wote!!

Shangazi yake mama watoto kule Tukuyu akasema niponde pilipili kichaa nipake kwenye vidonda. Nimepaka. Aliyewashwa ni mimi, nimeshinda na macho mekundu siku nzima, kuku wanaendelea kudonoa kama wamewekewa kachumbari.

Nikate midomo? Niuze wote? Mwenye kujua aseme maana hata usingizi sipati.

Ngoja Waje:
Ngoja waje wajuzi. Nimekaa hapa na kigoda changu.

Mnyalukolo Asilia:
Kamwene mkuu, pole sana. Kuku akishaonja damu ya mwenzake hana dawa huyo, chinja huyo wa pili, akitokea wa tatu chinja, mwisho wanaelewa. Na supu unakuwa nayo.

Mwana wa Isyesye:
Kamwene. Kwa spidi hiyo mpaka Pasaka nabaki na jogoo peke yake.

Mama Vifaranga (Kihesa):
Kaka pole. Kabla hujachinja wala kukata chochote nijibu haya, na nijibu ukweli usiogope, hapa hatukuhukumu: 1) banda lina ukubwa gani, 2) wanatoka nje au umewafungia, 3) chakula unachanganya mwenyewe au unanunua, na kama unachanganya umebadilisha nini kati ya mwezi jana na sasa, 4) taa. Kuku hawaamki tu asubuhi wakaamua kulana, kuna kitu kimebadilika hapo kwako.

Kipara wa Makambako:
Pilipili hahahaaa. Mkuu ndege hawasikii ukali wa pilipili, hawana hiyo kitu mdomoni ya kuhisi muwasho kama sisi. Wewe unafikiri ile miche ya pilipili kichaa inayoota yenyewe chini ya miparachichi nani anaipanda? Ni ndege hao, wanakula kama karanga halafu wanaenda kunya mbegu huko. Umewaongezea kiungo tu.

Mimi yalinikuta nikanunua miwani ya kuku, ile ya plastiki inakaa puani, anaona pembeni ila mbele haoni vizuri kwa hiyo hawezi kumlenga mwenzake. Ilituliza. Ila kumvalisha kuku miwani na wewe uko peke yako ni kazi, na chagua ile ya kubana puani, kuna nyingine inatoboa pua kabisa na pini, hiyo mimi siipendi.

Mwana wa Isyesye:
Dada wa Kihesa najibu.

Banda ni mita 3 kwa 2. Zamani walikuwa wanashinda nje uani, usiku ndio wanalala humo. Toka Januari nimewafungia, moja mvua za hapa kwetu mnazijua, pili jirani yangu amelima figiri na kuku wangu wakamfyeka matuta mawili, tukaitana kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaona bora amani.

Chakula nachanganya mwenyewe. Hapo kweli nilibadilisha kidogo, dagaa walipanda bei nikawatoa, nikaongeza pumba ya mahindi. Mashudu ya alizeti yapo ila nayo nilipunguza.

Taa ipo moja ya wati 100. Niliweka kwa sababu madirisha nimeziba na nailoni mvua isiingie, ndani giza. Inawaka muda wote, mchana na usiku, si tunaambiwa mwanga unaongeza mayai?

Mama Vifaranga (Kihesa):
Kakaaa. Umejijibu mwenyewe hapo juu, soma tena taratibu.

Mita 3 kwa 2 ni mita za mraba 6, na hapo kuna vyombo vya chakula, maji, viota. Chotara wa kushinda ndani mwili wake ule mkubwa weka wanne, wakizidi sana watano kwa mita moja ya mraba, maana yake banda lako ni la kuku 24 mpaka 30 na hapo wawe na chakula kamili na kitu cha kufanya. Walipokuwa wanatoka nje hukuona shida kwa sababu kuku kutwa nzima kazi yake ni kudonoa, anadonoa udongo, jani, mdudu, kijiwe, anaparua. Umemfungia kwenye chumba hakuna cha kudonoa, mdomo bado uko kazini, ameutafutia kazi mgongoni kwa mwenzake.

Halafu dagaa. Kuku anayetaga anataka protini kama asilimia 16 mpaka 18 kwenye chakula. Pumba ya mahindi haifiki huko hata uiimbie. Na kuna sehemu moja ya hiyo protini inaitwa methionini, ndiyo manyoya yanaitaka sana, dagaa wamejaa hiyo na mashudu ya alizeti nayo yanayo ya kutosha, vyote viwili umevigusa kwa pamoja. Kuku mwenye upungufu huo ananyonyoa unyoya wa mwenzake na KUUMEZA. Angalia kwenye maranda, kama wananyonyoana manyoya na chini huoni manyoya, ujue wanakula.

Mwana wa Isyesye:
Nimetoka kuangalia na tochi. Chini hakuna unyoya hata mmoja. Daah.

Bwana Mifugo Mstaafu:
Vijana, mmeongea vizuri na huyo mama wa Kihesa anajua kazi. Naongeza mawili.

Kwanza hiyo tochi usiizime. Nenda bandani saa tatu usiku, mulika chini ya fito wanazolalia na kwenye nyufa za mbao, kisha shika kuku watatu wanne, fukua manyoya kuzunguka sehemu ya haja na chini ya mbawa. Utitiri mwekundu mchana unajificha kwenye nyufa, usiku ndio unapanda kunyonya damu, ukikagua mchana utasema banda safi. Kuku anayewashwa anajidonoa mwenyewe, anajitoa damu, wenzake wanaiona.

Pili, hao wako wana magonjwa mawili umeyafunga kwenye gunia moja. Kunyonyoa manyoya mgongoni ni jambo lake, hilo la chakula na msongamano mmelieleza. Kudonoa nyuma mpaka utumbo utoke ni jambo lingine na mara nyingi linaanzia kwenye kiota. Kesho asubuhi chukua ndoo, igeuze, kaa ndani ya banda kimya kuanzia saa mbili mpaka saa nne, muda huo ndio wengi wanataga. Usiangalie nani anadonoa. Angalia anadonoa nini, akiwa wapi. Kisha njoo utuambie viota vyako vikoje.

Mwana wa Isyesye:
Shikamoo mzee. Nitakaa.

Msomi wa Iyunga:
Kuhusu kuchinja Mjumbe niseme kidogo. Kuku wana vyeo, wa kwanza anampiga wa pili, wa pili anampiga wa tatu, mpaka yule wa mwisho anayepigwa na wote. Jamaa mmoja wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ndiye aliandika habari hizi miaka ya 1920 baada ya kukaa anaangalia kuku wake nani anamdonoa nani. Sasa ukimtoa wa juu cheo hakifi, kinagombewa. Wiki hiyo ya uchaguzi fujo zinaongezeka. Na kupigana kwa cheo ni kichwani na shingoni, dakika mbili wameelewana. Huku nyuma na mgongoni siyo cheo, ni njaa na uchovu wa kufungiwa. Kwa hiyo inawezekana kabisa Mjumbe alikuwa anafanya kazi yake tu ya utawala.

Mnyalukolo Asilia:
Mjumbe kafa kishujaa. Supu ilikuwaje lakini?

Mwana wa Isyesye:
Ilikuwa ngumu kama tairi. Mkuu tuheshimu marehemu.

Mwana wa Isyesye:
MREJESHO. Wakuu nimekaa kwenye ndoo kama nilivyoagizwa, mguu umekufa ganzi ila nimeona kwa macho yangu.

Usiku utitiri sikuuona, nimefukua kuku watano, nikakuta chawa wachache kwa mmoja tu. Asubuhi ndio kazi. Viota vyangu ni kreti nne za soda nimezipanga chini sakafuni upande mmoja, mbele wazi, juu wazi, na ile taa inaning'inia karibu juu yake, yaani nilipenda ili nione mayai vizuri nikiokota. Kuku 33 walikuwa wanagombania kreti nne, na mbili kati ya hizo hawazipendi.

Akaingia mmoja mwekundu, akakaa, akazunguka, baada ya kama robo saa akainuka kidogo miguu imepanuka akasukuma. Yai likatoka, na likitoka ile sehemu ya ndani inatoka nalo, nyekundu ya waridi, imelowa inang'aa kwenye taa kama pipi iliyolambwa. Inakaa nje sekunde chache halafu inarudi. Kwenye zile sekunde kuna kuku mwingine alikuwa amesimama nyuma anasubiri kreti, shingo ikanyooka, tap! Akadonoa mara moja. Aliyetaga akaruka akakimbia na tone la damu, na hilo tone ndio wakaanza kulifuata wengine watatu.

Na huyo aliyedonoa wala hana ugomvi na mtu, ameona kitu chekundu kinang'aa akajaribu. Wiki zote hizi mimi natafuta mhalifu kumbe taa nimefunga mwenyewe.

Bwana Mifugo Mstaafu:
Hapo umesoma chuo bure asubuhi moja.

Fanya leo leo. Kreti ziinue kutoka sakafuni kama sentimita 50 hivi na uweke ubao wa kuparamia, mbele funika kwa pazia la kiroba ulilolichana katikati ili kuku apenye, ndani kuwe na giza. Kuku anataka kutaga mahali pa siri kama mtu anavyotaka choo chenye mlango. Kiota kimoja kwa kuku wanne mpaka watano, wewe kwa kuku 33 unataka saba au nane.

Taa hiyo toa. Weka ndogo hafifu, mbali na viota, au nyekundu kabisa kama utaipata, kwenye mwanga mwekundu damu haionekani nyekundu. Na usiwashe usiku kucha. Mchana wetu huku nyanda za juu ni kama saa 12 na kitu, anayetaga unamwongezea jioni kidogo ajumlishe 14 mpaka 16, basi, baada ya hapo giza apumzike. Kuku asiyelala anakuwa mkali kama dereva wa lori aliyekesha mlima Kitonga. Madirisha fungua juu hewa ipite, zuia mvua kwa chini tu, banda lenye joto na harufu kali ya kinyesi cha kuku nalo linaongeza hasira.

Mwana wa Isyesye:
Ndaga fijo mzee. Na midomo nisikate?

Bwana Mifugo Mstaafu:
Kukata mdomo ni kazi ya kifaranga wa wiki moja hivi, kwa chuma cha moto na mtu anayejua, na hata huko nchi nyingine wameanza kukataza. Kuku mkubwa mdomo wake una mishipa na fahamu, ukikata unamuumiza, anatoka damu nyingi, anashindwa kula na mayai yanashuka. Kwa wale wawili watatu sugu unaweza kukata ile ncha tu iliyochongoka, kiasi cha ncha ya kalamu, kwa kikata kucha, ukikaribia penye wekundu wa damu mwisho hapo hapo. Hiyo haitibu, inapunguza makali ukitengeneza mengine.

Fundi Maranda Mafinga:
Maranda ya misonobari yapo bwerere huku kwetu, weka tabaka nene, kama kiganja chote kikizama ni sawa, halafu jioni rusha mtama au ngano punje kidogo ndani yake. Wataparua mpaka usiku unaingia. Ila usiwape maranda yaliyolowa.

Mama Vifaranga (Kihesa):
Na kabichi! Mbeya mna kabichi mpaka zinaoza, nenda Mwanjelwa jioni zile za mwisho unapewa kwa bei ya kutupa. Funga na kamba ya katani, ining'inize juu kidogo kuliko kichwa cha kuku ili arukie. Kuku 30 weka mbili tatu kona tofauti, ukiweka moja wakubwa wataikalia.

Chakula cha kilo 100 mimi nachanganya hivi, wengine mnirekebishe: mahindi ya kuparaza 40, pumba ya mahindi 19, mashudu ya alizeti 17, soya iliyokaangwa 8, dagaa 7, chokaa 7, mifupa kilo moja na nusu, chumvi gramu 300 na premiksi (ule mchanganyiko wa vitamini na madini) kama robo kilo kulingana na maelezo ya mfuko. Dagaa wakiwa ghali ulizia usipa wa Ziwa Nyasa wanaotoka Kyela, wakati mwingine wana bei nzuri, ila waonje kwanza, wenye chumvi nyingi watakuulia kuku. Na chumvi usiisahau kabisa pia, ikikosekana wanatafuta kwenye damu. Soya mbichi usiweke, kaanga.

Majeruhi watenge, osha kwa maji ya chumvi vuguvugu, paka GV. Ile zambarau inaua vijidudu na inafunika wekundu. Mtu akikwambia paka oili chafu ya gari mkatalie, inaunguza ngozi na kuku akijisafisha anaimeza, yai unakula wewe. Wenye utumbo uliotoka nje kabisa hao huwarudishi, usiwatese.

Kipara wa Makambako:
Ukiwarudisha waliopona warudishe usiku, wote kwa pamoja, siyo mmoja mmoja. Mmoja akirudi mchana ni mgeni, anapokelewa kwa kipigo. Na yule mkorofi badala ya kumchinja mtenge siku nne tano wamuone kupitia wavu, akirudi anakuta wenzake wamepanga vyeo upya anaanzia chini.

Mwana wa Isyesye:
MREJESHO WA PILI, wiki tatu baadaye. Samahani kwa kuchelewa, mvua ilikata umeme huku na simu ilikuwa haina chaji.

Viota sasa ni nane, pazia za viroba vya mbolea nimeviosha kwanza. Siku ya kwanza hawakuzielewa, wakataga chini kwenye maranda mayai kumi na moja, nikaweka yai la plastiki la mtoto ndani ya kila kiota, siku ya tatu wakaingia wenyewe. Taa nimebadilisha, inawaka saa moja jioni inazimwa saa tatu na nusu. Dagaa nimerudisha. Kuku nane nimempelekea mdogo wangu Songwe kwa hiyo nimebaki na 24, maana mmoja kati ya majeruhi hakupona. Aliyekufa ni yule yule niliyemuona kwenye kreti.

Na jirani tumeelewana, nimezungushia wavu kipande cha uwa upande wangu, wanatoka saa tisa mpaka magharibi mvua isipokuwepo, na mbolea yote ya banda anachukua yeye kwenye figiri. Jana kanipa fungu mbili, nimewaning'inizia kuku.

Mayai yalishuka mpaka 14 kwa siku, sasa yako 19. Damu sijaona siku ya kumi na mbili leo. Ila manyoya ya mgongoni yanachipua, vile vijiti vyeusi, na juzi nimeona mmoja anavidonoa kwa mwenzake. Hiyo ni kawaida au ndio mambo yale ya kudonoana yanarudi?

Bwana Mifugo Mstaafu:
Vile vijiti vipya vina damu ndani, kikivunjika kinavuja. Hapo ndipo wengi wanarudia mwanzo wakati wanajua wameshapona. Paka GV migongo yote inayochipua, siyo wenye vidonda tu, rudia kila ikififia mpaka unyoya ufunguke. Wiki nne mpaka sita utaona tofauti. Wale ambao unyoya ulikatika shina likabaki, hao wasubiri mpaka wanyonyoke kwa asili.

Mwana wa Isyesye:
Nimewapaka wote mzee. Banda zima zambarau, na mimi mikono zambarau, leo nimeenda hivyo hivyo msibani watu wananiangalia.

Mnyalukolo Asilia:
Na huyu mpole aliyerithi ofisi ya Mjumbe yuko wapi?

Mwana wa Isyesye:
Yupo. Anataga kila siku, kiota cha tatu kutoka mlangoni, na hamgusi mtu.